Nani Anaipasha Dunia Joto? Ushahidi Unaomwelekea Binadamu na Mahali Unapoishia

Mtu anayesema kwamba binadamu ndiye anayeipasha dunia joto, na mwenzake anayekana, mara nyingi hawabishani juu ya jambo moja. Mmoja anazungumzia vipimo vya joto na mwingine anazungumzia jua. Mmoja anaitetea fizikia na mwingine anazipinga kodi na masharti anayohisi yatafuata endapo fizikia hiyo itakubaliwa. Ndiyo maana ubishi huu umeendelea kwa miongo mingi bungeni, magazetini na kwenye baraza za kahawa bila pande mbili kusogeleana, ilhali kwa watafiti wa angahewa swali lenyewe kuu lilikwisha kupata jibu.

Kuufumbua ubishi huo kunahitaji kwanza kuyatenganisha maswali yaliyofungwa katika furushi moja. Je, dunia inapata joto kweli? Je, ongezeko la hewa ya ukaa limetokana na sisi? Je, ongezeko hilo ndilo lililoleta joto? Na je, joto hilo ndilo lililosababisha tukio fulani mahali fulani, kama ukame wa Wajir au kupungua kwa barafu ya Kilimanjaro? Matatu ya kwanza yana majibu yenye ushahidi mzito. La nne hujibiwa tukio kwa tukio, na jibu lake si lazima liwe ndiyo. Swali la nini kifanyike na nani agharimie ni la siasa na la haki. Sitaliingia hapa, ila nitasema tu kwamba kuchukizwa na majibu yake hakumpi mtu ushahidi wowote dhidi ya majibu ya yale mengine.

Vipimo na waliovitilia shaka

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka mwingine wowote tangu vipimo vianze, wastani wake ukizidi ule wa kipindi cha 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi. Takwimu ya namna hii huibua pingamizi linaloeleweka: vituo vingi vya hali ya hewa viko mijini au karibu na miji, miji imekua, lami na zege hutunza joto, kwa hiyo huenda kinachopimwa ni kukua kwa miji wala si kupanda kwa joto la dunia. Richard Muller, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alilichukulia pingamizi hilo kwa uzito. Hakuwa akiziamini kazi za wenzake, na alilisema hilo waziwazi. Akaanzisha mradi wake wa kuzichambua upya kumbukumbu za vituo vya dunia nzima, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka katika mfuko wa hisani wa Charles Koch, tajiri ambaye biashara zake zimefungamana na mafuta. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha mstari uleule uliokwisha kuchorwa na taasisi nyingine, na athari ya miji ikaonekana kuwa ndogo mno kuweza kuupinda. Mwaka uliofuata Muller aliandika hadharani kwamba amebadili msimamo, na kwamba karibu joto lote lililoongezeka limesababishwa na binadamu.

Kisa cha John Christy kina manufaa zaidi kwa msomaji, kwa sababu chenyewe hakikumalizikia katika makubaliano. Christy, ambaye katika miaka ya 1970 alifundisha sayansi katika shule ya misheni huko Nyeri, Kenya, ndiye aliyeanzisha pamoja na Roy Spencer, katika Chuo Kikuu cha Alabama mjini Huntsville, kumbukumbu ya joto la angahewa inayotokana na setilaiti. Katika miaka ya 1990 kumbukumbu hiyo ilionyesha kwamba angahewa ya chini haikuwa ikipata joto la kutajika, na kila aliyeupinga uhusika wa binadamu akaishika kama ngao. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel walibaini kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka polepole kutoka katika njia zao, jambo lililozifanya zisome upoaji usiokuwepo. Mwaka 2005 ikagunduliwa kasoro nyingine, iliyohusu namna ya kusahihisha mabadiliko ya saa ambazo setilaiti hupita juu ya mahali fulani. Baada ya masahihisho hayo, takwimu za Christy na Spencer wenyewe zinaonyesha joto likipanda, ingawa kwa kasi ndogo kuliko ya makundi mengine. Christy bado anaamini kwamba mifano ya kompyuta, yaani hesabu zinazoiga mwenendo wa tabianchi, inaitia chumvi kasi hiyo, na juu ya kasi anayo nafasi ya kubishana. Hoja kwamba setilaiti hazilioni joto, hata hivyo, imekanushwa na setilaiti zake mwenyewe.

Hewa ya ukaa imetoka wapi?

Machi 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na viwanda na magari. Wakati huo, katika kila molekuli milioni moja za hewa, takriban 315 zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo zimezidi 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kabla ya mapinduzi ya viwanda kiwango kilikuwa karibu 280, na kwamba katika miaka 800,000 iliyopita hakikuwahi kufika hapa tulipo.

Kwamba imeongezeka, basi, hakuna anayebisha kwa dhati. Kinachobishaniwa ni mwenye kuiongeza, na hapa ndipo hoja moja inayovutia sana hutolewa: bahari, udongo na mimea hutoa na kufyonza hewa ya ukaa nyingi karibu mara ishirini kuliko ile ya binadamu, sasa iweje sehemu yetu ndogo iwe na uzito wowote? Kosa la hoja hii ni la hesabu. Chukua tangi la maji ambalo bomba huliingizia lita 1,000 kwa siku na wenye nyumba huchota lita 1,000 kwa siku. Kina chake hakipandi wala hakishuki. Jirani akianza kumimina humo ndoo mbili za lita 20 kila siku, kina kitapanda, ijapokuwa ndoo zake ni asilimia 4 tu ya maji yanayoingia. Tena tukiona kwamba tangi linaongezeka kwa ndoo moja tu kwa siku, tutajua bila kumuuliza mtu kwamba wenye nyumba wameanza kuchota zaidi. Hali halisi ya dunia ndiyo hiyo. Kila mwaka angahewa inabakiza takriban nusu tu ya kile tunachokitoa, na nusu nyingine inafyonzwa na bahari na mimea. Maumbile, kwa ujumla wake, yanapunguza hewa ya ukaa. Hayawezi kuwa wakati huohuo ndiyo chanzo cha ongezeko lake. Bahari yenyewe inathibitisha, kwa maana maji yake yamezidi kuwa na asidi, na bahari inayotoa hewa ya ukaa isingekuwa hivyo.

Hata kama mtu hataki hesabu, kaboni yenyewe imebeba alama za asili yake. Kaboni ya aina ya 14, ambayo huzaliwa juu angani na kuingia katika kila kiumbe hai, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana hata chembe yake. Katika miaka ya 1950 Hans Suess alionyesha kwamba kiasi cha kaboni hiyo angani kilikuwa kimepunguzwa makali na kaboni ya kale iliyokuwa ikimiminwa humo. Hapo mbishi makini atasema kwamba hata volkeno hutoa kaboni ya kale, na atakuwa amesema kweli. Ndipo aina ya 13 inapoingia. Mimea, inapojenga mwili wake, huipendelea kaboni nyepesi ya aina ya 12 na kuiacha ile ya 13, na tabia hiyo hubaki ndani ya makaa ya mawe na mafuta, ambayo asili yake ni mimea na viumbe vya kale. Gesi ya volkeno haina upungufu wa namna hiyo. Vipimo vinaonyesha kwamba uwiano wa kaboni ya 13 angani unashuka, maana yake kaboni inayoongezeka ni ya kale na pia ni ya asili ya mimea. Kinachobaki ni kujua kama imechomwa, na jibu linapatikana katika oksijeni. Ralph Keeling, mwana wa yule wa Mauna Loa, amekuwa akiipima tangu mwisho wa miaka ya 1980, na inapungua kwa namna inayolingana na uchomaji. Upungufu huo ni mdogo sana na haumtishii mtu pumzi, lakini volkeno haili oksijeni ya angani kwa kiasi hicho.

Wakazi wa Goma hawahitaji kuelezwa kwamba volkeno hutoa hewa ya ukaa, kwa kuwa mazuku, ile gesi inayotuama mabondeni chini ya Nyiragongo, imekwisha kuua mifugo na watu. Tatizo ni kipimo. Volkeno zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 1 ya kile kinachotolewa na binadamu kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambacho sasa kimezidi tani bilioni 35.

Mtuhumiwa aitwaye jua

Swali la tatu ndilo lenye historia ndefu, na ni vizuri kukumbuka kwamba lilianza kabla ya kuwapo mwanasiasa yeyote mwenye maslahi nalo. Mwaka 1856 Eunice Foote, Mmarekani aliyefanya majaribio yake kwa mitungi ya kioo, aliona kwamba mtungi uliojaa hewa ya ukaa ulipata joto zaidi juani na ulichelewa kupoa kuliko wenye hewa ya kawaida, akaandika kwamba angahewa yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia joto zaidi. Mwaka 1859 John Tyndall, mjini London, alipima namna gesi mbalimbali zinavyolizuia joto lisiloonekana kwa macho. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alikokotoa kwa mkono kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 5 au 6. Leo hesabu yake inaonekana kubwa kupita kiasi, lakini mwelekeo wake ulikuwa sahihi. Yeye mwenyewe, mtu wa nchi ya baridi, hakuona ubaya wowote katika jambo hilo.

Pingamizi la kwamba hewa ya ukaa ni chache mno, asilimia 0.04 tu ya angahewa, halidumu mbele ya fizikia hii. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu angahewa yote, huliacha joto linalotoka ardhini lipite kwenda zake angani, kwa hiyo kazi ya kulizuia huachwa kwa gesi chache. Bila gesi hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Mvuke wa maji ndio wenye nguvu kubwa kati yake, jambo ambalo wapinzani hulitaja mara kwa mara na kwa haki. Lakini kiasi cha mvuke angani hutawaliwa na joto lenyewe, na ukizidi hunyesha ndani ya siku chache, ilhali sehemu ya hewa ya ukaa tunayoitoa leo itabaki kwa karne nyingi. Mvuke huchochea joto lililokwisha kuanzishwa na kitu kingine. Wala kazi ya hewa ya ukaa si ya nadharia tupu. Mwaka 2001 watafiti wa Imperial College, London, walilinganisha vipimo vya setilaiti mbili, ya 1970 na ya 1997, wakakuta kwamba joto linalotoroka kutoka duniani limepungua hasa katika mawimbi yaleyale yanayonyonywa na gesi hizi. Mwaka 2015 kundi jingine likachapisha vipimo vya ardhini kutoka Oklahoma na Alaska vilivyoonyesha joto linalorudishwa chini na hewa ya ukaa likiongezeka mwaka hadi mwaka.

Sasa jua. Hakuna mtuhumiwa anayestahili kuchunguzwa kuliko lenyewe, kwani ndilo chanzo cha karibu joto lote tulilo nalo, na mabadiliko ya njia ya dunia kulizunguka ndiyo yaliyoanzisha na kumaliza zama za barafu. Lakini mabadiliko hayo ya njia huchukua maelfu ya miaka, na mwanga wa jua lenyewe umekuwa ukipimwa na setilaiti tangu 1978. Hupanda na kushuka katika mzunguko wa takriban miaka 11, kwa tofauti ya karibu asilimia 0.1, na katika muda wote huo haujaonyesha mwelekeo wa kupanda. Mzunguko ulioisha mwaka 2019 ulikuwa dhaifu, na bado muongo huohuo ulikuwa na joto kuliko yote iliyoutangulia katika kumbukumbu za vipimo.

Kuna kipimo kingine ambacho kwangu ndicho chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu kilitabiriwa kabla hakijaonekana. Jua likiongeza nguvu, angahewa yote inapaswa kupata joto, juu na chini. Hewa ya ukaa ikiongezeka, tabaka la chini hupata joto, lakini stratosfia, tabaka linaloanzia kati ya kilomita 10 na 17 kutoka ardhini, hupoa, kwa kuwa huko juu gesi hiyo husaidia kulitoa joto kwenda angani. Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliliona hilo katika hesabu zao mwaka 1967, wakati ambapo hapakuwa na setilaiti ya kulihakiki. Vipimo vya baadaye vimeonyesha stratosfia ikipoa huku ardhi ikipata joto. Sehemu ya upoaji huo, hasa katika tabaka lake la chini, imetokana na kupungua kwa ozoni, na lazima ihesabiwe kando. Lakini katika stratosfia ya juu alama ya hewa ya ukaa iko wazi, na jua haliwezi kuiacha. Manabe alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2021, pamoja na Klaus Hasselmann, aliyeandaa mbinu za kitakwimu za kuzitafuta alama za namna hii, na Giorgio Parisi.

Alama nyingine inayotajwa ni ya usiku. Kwa kuwa jua halipo usiku, joto linalotokana na gesi linatazamiwa kuonekana usiku zaidi kuliko mchana, na sehemu nyingi za dunia ndivyo ilivyokuwa. Kwa Afrika Mashariki alama hii isomwe kwa tahadhari. Mwaka 2009 Christy, yuleyule wa Nyeri, alichapisha pamoja na wenzake uchambuzi wa karne moja ya vipimo vya ukanda huu, wakakuta joto la usiku limepanda wakati la mchana halikubadilika sana, wakalieleza hilo zaidi kwa mabadiliko ya matumizi ya ardhi, kama kilimo na ujenzi, ambayo huyavuruga matabaka ya hewa ya usiku karibu na ardhi. Hoja yao ni ya haki kwa mahali. Kwa dunia nzima haitoshi, kwa kuwa bahari nazo zimepata joto na baharini hakuna mashamba.

Limebaki pingamizi la barafu ya kale, ambalo ndilo la kisomi kuliko yote. Katika vipande vya barafu ya Antaktika, mwishoni mwa zama za barafu, joto linaonekana kuanza kupanda kabla ya hewa ya ukaa, pengine kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo, husemwa, joto ndilo linaloleta gesi. Ni kweli kwamba wakati ule joto lilianzishwa na njia ya dunia, bahari ikapata joto, ikatoa hewa ya ukaa, na gesi hiyo ikalizidisha joto mpaka barafu ya mabara ikayeyuka. Badiliko dogo la njia lisingeweza peke yake kuleta tofauti kubwa kiasi kile, na hapo ndipo nguvu ya gesi inapoonekana. Safari hii hatukungoja bahari iitoe.

Jopo la Kimataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, linalofahamika kwa kifupi IPCC, lilianzishwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi. Anayesoma ripoti zake kwa mfuatano ataona jinsi kauli ilivyokuwa ikikazwa kadiri ushahidi ulivyojilimbikiza. Mwaka 1995 jopo lilisema tu kwamba uzito wa ushahidi unaashiria mkono wa binadamu unaoweza kutambulika. Mwaka 2007 uwezekano huo ukawekwa juu ya asilimia 90, na mwaka 2013 juu ya asilimia 95. Mwaka 2021 neno la shaka likaondolewa kabisa. Makadirio ya ripoti hiyo ni kwamba kati ya miaka ya 1850 hadi 1900 na muongo wa 2010 hadi 2019, binadamu ameiongezea dunia takriban nyuzi 1.07, ilhali jua na volkeno kwa pamoja zimechangia kati ya kupunguza nyuzi 0.1 na kuongeza nyuzi 0.1. Binafsi naiona hoja hii kuwa bora kuliko ile inayopendwa mitandaoni, ya kwamba asilimia 97 ya wanasayansi wanakubaliana. Kura haijawahi kuthibitisha fizikia, na anayekabidhiwa idadi badala ya sababu ana haki ya kubaki na shaka.

Ni haki pia kusema kwamba shaka haikuzaliwa yote kwa udadisi. Nyaraka za kampuni ya mafuta ya Exxon zinaonyesha kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wake waliwaeleza wakubwa wao athari za kuchoma mafuta, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba makadirio yao ya wakati ule yamekaribiana sana na yaliyotokea. Hadharani, kampuni hiyo ilitumia miaka mingi kusema kwamba sayansi bado haijaeleweka.

Kilimanjaro na swali la nne

Mlima huu ulipata bahati mbaya ya kuwa kielelezo. Wakati Eduard Oehler na Fritz Klute walipouchora mwaka 1912, barafu yake ilienea takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Mwaka 2002 Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio aliyetoboa kileleni mwaka 2000, alitabiri pamoja na wenzake kwamba yote ingekuwa imetoweka kati ya 2015 na 2020. Picha za kilele cheupe zikaenea, Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, akazitumia katika filamu yake ya mwaka 2006 kuhusu ongezeko la joto, na Kilimanjaro kikawa jina la pili la ongezeko la joto.

Shida ni kwamba Kilimanjaro hakikuwa mfano mzuri. Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck na wenzake, waliofunga vyombo vya kupimia kileleni, walieleza kwamba joto la hewa huko huwa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, na kwamba kingo wima za barafu hazipotei hasa kwa kuyeyuka, bali kwa kupigwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja, huku theluji mpya ikiwa haitoshi kufidia. Chanzo walichokitaja ni ukavu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilibadilika ghafla kutoka unyevu kwenda ukavu, maziwa yakashuka, na mlima ukaanza kudhoofika kabla hewa ya ukaa ya binadamu haijafika popote pa kutisha. Mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi iliyohusu kuonyeshwa kwa filamu ya Gore mashuleni, aliitaja Kilimanjaro miongoni mwa mambo ambayo filamu iliyasema kupita kile ambacho sayansi iliweza kukithibitisha. Nao muda wa utabiri wa Thompson ukafika na kupita, na barafu, ingawa imechoka, bado ipo.

Wapinzani walishangilia, na wengine wanaendelea kushangilia. Lakini waliotoa maelezo ya ukavu hawakuwa upande wao. Kaser na Philip Mote walipoandika kwa wasomaji wa kawaida mwaka 2007, walisema bayana kwamba kuiondoa Kilimanjaro katika orodha hakuufuti ushahidi wa barafu za Alps, Andes na kwingineko ambako joto la hewa ndilo linaloyeyusha. Hata ukavu wenyewe una uhusiano na halijoto ya Bahari ya Hindi, na bahari hiyo imekuwa ikipata joto katika karne ya 20. Dhana maarufu kwamba ukataji wa misitu ya miteremkoni ndio ulioua barafu, ambayo husikika sana nyumbani, nayo ilipimwa kwa mifano ya kompyuta mwaka 2012 na ikaonekana kuwa na mchango mdogo kwa hali ya kilele. Pamoja na hayo kuna utafiti wa Ben Marzeion na wenzake wa mwaka 2014 kuhusu barafu za milima duniani. Ulikadiria kwamba tukihesabu tangu 1851 hadi 2010 sehemu ya binadamu katika upotevu wa barafu ilikuwa karibu robo tu, ila katika miaka ya 1991 hadi 2010 ilifikia karibu asilimia 69. Kilimanjaro iliingia katika mjadala ikiwa imebeba historia ya kipindi cha kwanza, ikalazimishwa kuwa ushahidi wa kipindi cha pili.

Mvua ni ngumu kuliko barafu. Mifano mingi ya kompyuta hutabiri kwamba masika ya Afrika Mashariki yataongezeka, ilhali tangu miaka ya 1980 hadi muongo wa 2000 vipimo vilionyesha masika yakipungua. Watafiti wanaliita jambo hili kitendawili cha Afrika Mashariki, na hakijateguliwa. Hata nguvu ya hewa ya ukaa kwa ujumla ina mipaka mipana: ikiongezeka maradufu, IPCC inakadiria nyuzi kati ya 2.5 na 4, na kikwazo kikubwa cha kuupunguza upana huo ni mawingu, ambayo yanaweza kuzuia jua au kuzuia joto kutegemea urefu na unene wake. Anayesema kwamba kila kitu kimejulikana anawapa wapinzani silaha ya bure.

Kundi la watafiti liitwalo World Weather Attribution hujaribu kulijibu swali la nne kwa kulinganisha tukio lililotokea na lile ambalo lingetokea katika dunia isiyoongezewa joto. Kwa ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020, uliowamaliza ng'ombe na ngamia kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia, lilihitimisha mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wake angalau mara 100 hivi, hasa kwa sababu joto lilikausha udongo na mimea kwa kasi kubwa kuliko zamani. Kwa vuli ya mwaka 2023, iliyofurika Garissa nchini Kenya na mji wa Beledweyne nchini Somalia, lilikadiria kwamba mvua ilikuwa nzito hadi mara mbili kuliko ambavyo ingekuwa, ingawa hali ya Bahari ya Hindi, ambayo upande wake wa magharibi ulikuwa na joto kuliko wa mashariki, nayo ilichangia. Kisha ikaja masika ya 2024, ambapo mito ya Nairobi iliwafuata watu hadi vitandani huko Mathare. Wengi waliyataja mabadiliko ya tabianchi papo hapo, wakiwemo viongozi. Uchambuzi wa kundi lilelile ulikuta kwamba sehemu ya ongezeko la joto katika uzito wa mvua ile ilikuwa takriban asilimia 5, tena kwa uhakika mdogo, na ukaelekeza kidole kwa jiji lililokua haraka bila mitaro ya kutosha na kwa maelfu ya familia zilizojenga kandokando ya mito kwa kukosa mahali pengine.